Chini ya Mablanketi ya Julai

Saa mbili asubuhi, mjini Iringa, ukungu bado umelalia mabati ya hospitali. Damari Mwaisaka anafungua jalada la kwanza kati ya kumi na moja yaliyo mezani. Anashusha rula mstari kwa mstari, jicho lisije likaruka.

Mkunga huyu wa miaka hamsini na mbili hupitia majalada ya wagonjwa waliozidiwa wakiwa wodini, akitafuta huduma ilipoteleza. Kila Alhamisi madaktari na wauguzi hukutana kumsikiliza. Kikao kina sharti moja: jina la mhudumu halisomwi.

“Simtafuti mchawi,” anasema. “Natafuta saa. Mama alionwa saa ngapi, akafanyiwa nini.”

Mwaka jana alikutana na majalada matano ya akina mama waliotokwa na damu nyingi baada ya kujifungua. Manne yalikuwa ya Juni na Julai, miezi ya baridi. Wote walipona, lakini kwa kuongezewa damu. Kila jalada lilikuwa na alama ya vema kwamba mzazi amekaguliwa, ilhali damu ilikuja kugunduliwa ikiwa imeshalowesha godoro.

La nne lilikuwa na sahihi yake.

Asubuhi ile anaikumbuka vizuri. Bibi mmoja wa mtaa wa Mlandege alikuwa amemfunika mkwewe mablanketi mawili na kitenge juu. Damari aliposogea, bibi akashika pindo.

“Usimfunue, mwanangu. Atapigwa na baridi.”

“Nachungulia tu, bibi.”

“Kwenu wapi?”

“Chimala.”

“Ndiyo maana. Watu wa joto, wa kuanika mpunga juani, baridi mtaijulia wapi?”

Wodi nzima ikacheka. Damari naye akacheka, akapima mapigo ya mkono, akaweka vema bila kumfunua, akapita. Aliporudi baada ya nusu saa, mzazi alikuwa haitiki, damu imetapakaa chini ya mablanketi.

“Sharti la kikao lingenificha,” anasema. “Ila wangesema wauguzi ni wavivu. Haukuwa uvivu. Tuliona huruma, tukaona na aibu kubishana na mtu mzima.”

Alhamisi ya kuyajadili majalada hayo alisimama akasema jalada la nne ni lake. Kisha muuguzi Devota, mdogo kuliko wote, akainua mkono.

“La pili ni langu, dada. Mimi nilizuiwa na shangazi wa mzazi.”

Siku hizi waliotoka kujifungua hulazwa chumba kimoja chenye hita. Ndugu huonyeshwa damu ya kawaida na ya hatari, na kila robo saa ndiye anayeinua blanketi, muuguzi akitazama. Julai hii wamejifungua akina mama sitini na wanane. Watatu walitokwa na damu nyingi, na wote waliwahiwa.

“Mmoja aliitiwa muuguzi na mama mkwe wake,” anasema Damari, akitabasamu.

Mwezi ujao atakwenda Mbeya kuzungumza na wakunga wa huko, ambao nao wana baridi yao. Anatamani msimu ujao pasiwe na godoro lililolowa, huku wala huko. Ameshatoa nakala ya jalada la nne akawaonyeshe. Jina la mzazi amelifuta kwa wino mweusi. Sahihi yake ameiacha.