Nabii wa Bunda alimwambia mama afunge Kwaresima ili mdogo wangu arudi kutoka ziwani

Wakuu, heshima kwenu. Haya yametokea nyumbani kwetu na sijaongeza chumvi. Anayetafuta ushuhuda wa miujiza apite tu, hapa hamna.

Mdogo wangu Magesa alikuwa anavua dagaa, kambi yao ilikuwa kisiwani Rukuba.

Mtumbwi ukapinduka. Wenzake wakaokolewa. Yeye hakuonekana, si mzima si maiti.

Mimi naishi mjini, Nyasho, nina kibanda cha kutengeneza simu. Mama yuko kijijini Butiama, na ana kisukari.

Mama alikataa matanga. Kila jioni alikuwa anapika, anamtengea Magesa sahani yake, anaifunika na kuiacha mezani. Asubuhi chakula kinaishia kwa kuku. Hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Kwaresima ilipoanza, shangazi akampeleka kwa nabii mmoja Bunda, maeneo ya Nyasura. Shangazi yetu huyu akisikia kuna nabii mpya, lazima awe mstari wa mbele kupakwa mafuta.

Nabii kavaa suti inang'aa, spika zake kubwa kuliko kanisa lenyewe. Akafumba macho, akasema Magesa yuko hai, amefungwa na nguvu za giza chini ya maji. Mama afunge, na dawa za sukari aache, eti dawa ni kukosa imani. Pasaka mwanae ataingia mlangoni.

Jamaa hajawahi kupanda hata mtumbwi, lakini ya chini ya ziwa anayajua yote!

Baada ya wiki chache jirani akanipigia simu, nikaenda mbio. Nikamkuta mama amekonda, anatetemeka, midomo imekauka. Nikamwekea uji, akausogeza pembeni.

"Wambura, unataka nimuue mdogo wako?"



Sasa siku hiyo ilikuwa Ijumaa, na jumuiya yetu ya kanisani ilikuwa inakuja kwetu kusali Njia ya Msalaba. Huwa wanazunguka nyumba kwa nyumba.

Niseme ukweli, hata hao niliwadharau. Kanisani niliacha kwenda tangu ziwa limchukue Magesa. Halafu hii mifungo yetu nayo ni vichekesho. Mtu Ijumaa hagusi nyama, anaagiza sato mzima wa kukaanga, anakula mpaka jasho linamtoka, kisha anakwambia amejinyima.

Katekista wetu Marwa ndiyo kabisa. Sauti yake ni ya redio iliyoisha betri, na nyimbo anaanzishaga juu mpaka akina mama wanashindwa kumfuata.

Jioni wakaja, wakasali vituo pale uani. Mama alikuwa kwenye mkeka, amekataa kulala ndani. Wakafika kituo cha kumi na tatu, Yesu anashushwa msalabani na kuwekwa mikononi mwa mama yake.

Mama akasema, "Simama hapo kwanza."

Marwa akainua macho kutoka kwenye kitabu.

"Huyu mama walimpa mwanae akamshika. Mimi nimepewa nini?"

Nikamkodolea macho Marwa. Nilikuwa nasubiri aseme Mungu ana makusudi yake, nimrukie.

Marwa akafunga kitabu, akakaa chini kwenye vumbi karibu naye. "Hujapewa kitu, mama. Na mimi sijui kwa nini."

Halafu akalia. Mwanaume mzima, mbele ya jumuiya yake.

Akina mama nao wakakaa chini. Siku hiyo ndiyo Magesa alililiwa kwa jina lake kwa mara ya kwanza. Na mimi nililia, sioni aibu kusema.

Walipotulia mama akauliza, "Bado kituo gani?"

"Yesu anazikwa, mama."

"Someni basi."

Wakasoma. Mama akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema taratibu, "Mwanangu nitamuona. Aliyefufuka atanionyesha. Ila sio kwa mlango huu."

Akanigeukia. "Wambura, niletee ile sahani ya mdogo wako."

Nikaenda kuileta. Akanawa mikono, akaifunua, akala. Ugali na dagaa, vimeshapoa.

Mama amerudi kwenye dozi yake. Pasaka imepita. Nabii anatangaza kwamba Magesa alikuwa njiani kurudi, ila mama yake akavunja mfungo. Yaani uongo ni wake, lawama anambebesha mgonjwa. Mshenzi kabisa!

Nilichojifunza ni kwamba anayekuahidi mfu wako atagonga mlango siku fulani, huyo kimbia. Tumaini nililoliona mimi lilikaa vumbini na mama yangu kwanza, likakiri halijui. Siku hizi Jumapili naenda tena kanisani. Nakaa benchi la nyuma, na bado nina kinyongo na Mungu, lakini naenda.

Mashabiki wa nabii karibuni hapo chini, hasira ninazo za kuwatosha wote.

Na wewe uliyepoteza mtu wako na hukumzika, wewe sikugombezi. Niambie tu, siku ya kwanza uliwezaje kula?