Siku Tulipopiga Picha ya Mwizi Mtaa wa Kongo

Banda la video la Mtaa wa Sikukuu lilinuka miguu kabla hujafika mlangoni. Lilinuka miguu, jasho, karanga za kukaanga na moshi wa jenereta lililokuwa likiunguruma uani, kwa maana umeme wa Kariakoo miaka ile ulikuwa mgeni, unakuja na kuondoka utakavyo. Madirisha yalizibwa kwa magunia, na humo ndani, mchana kweupe, watu walikatwa vichwa, walichomwa visu na kutupwa kutoka juu ya maghorofa. Nilikuwa na miaka kumi na moja, mtoto wa kike peke yangu katika mabenchi yale. Niliruhusiwa kwa sababu niliingia na Mjomba Idi, mdogo wake mama, ambaye aliishi nasi na kufanya kazi ya kubeba majora ya vitenge katika duka moja Mchafukoge. Bibi alisema mtoto wa kike anayetazama damu kila siku atakuwa na roho ya mchinja ng'ombe. Mjomba alimjibu kwamba mchinja ng'ombe naye anakula kwa halali.

Nilikuwa na maoni juu ya kila picha, na sikuyaficha. Za karate nilizipenda sana, ingawa mlio wa ngumi ulifika kabla ya ngumi yenyewe, na maadui ishirini walisubiri zamu ya kupigwa kama wagonjwa walioko kliniki. Za makomandoo zilinichosha. Steringi, yule shujaa wa picha, anamaliza kijiji kizima kwa bunduki isiyokwisha risasi, yeye anapata mkwaruzo mmoja tu shavuni, tena upande usioharibu sura. Katika za Kihindi mtu alichomwa kisu cha tumbo na bado akapata pumzi ya kuimba beti tatu na kuagana na mama yake. Yote hayo niliyasamehe. Ukali wangu niliuweka kwa picha za hapa nyumbani, zile za bei nafuu, ambamo tajiri na maskini wote walikuwa na sofa moja, feni ilivuma kuliko maneno, na damu ilikuwa juisi ya rozela. Kofi lilipita mbali na shavu lakini mtu akaanguka. Mwanamke aliyeporwa mkoba aliita "mwizi" kwa sauti ya kumwita muuza barafu. Nilizomea mpaka koo likauma.

Siku moja nilizomea picha ya Mudi naye Mudi mwenyewe amekaa nyuma yangu. Alikuwa jirani yetu, mpiga video za harusi, na kwa kamera ileile ya harusi alikuwa ametengeneza picha yake ya kwanza. Nilimgeukia na kumwambia mbele ya watu, "Kaka Mudi, ngumi zako hazigusi. Na huyo dada hajui kuita mwizi." Banda zima lilicheka. Mudi naye alicheka, akasema, "Haya, mtaalamu. Ya pili utaita wewe." Wahenga walisema ulimi uliponza kichwa. Wangu ulikiponza kichwa cha mtu mwingine.

Mjomba Idi alipewa sehemu ya mwizi. Kwetu sisi ulikuwa mchezo, lakini kwake haukuwa mchezo hata kidogo. Mgongo wake ulikuwa umeanza kupinda kwa majora akiwa na miaka ishirini na minne, na alikuwa ameapa kwamba hatafika thelathini akiwa chini ya mzigo. Alijifunza kuanguka juu ya godoro letu mpaka pamba ikatoka. Alimwambia muuza kahawa, akamwambia fundi viatu, akamwambia tajiri yake, kwamba ifikapo sikukuu ya Idi watamwona kwenye kava la mkanda.

Mudi alikuwa na tatizo moja. Katika picha yake ya kwanza kila mpita njia aliikodolea macho kamera, na wengine walipunga mikono. Safari hii akaamua kuificha. Aliipandisha kwenye roshani ya ghorofa ya pili, Mtaa wa Kongo, pale ambapo Jumamosi huwezi kutupa kokoto ikagusa ardhi. Dada yake Zuhura angepita na mkoba, mimi nikiwa kando yake kama mwanawe. Mjomba angeupora na kukimbia, na kwenye kona vijana wawili wa Mudi wangemkamata na kumpiga kwa kuigiza. Wenye meza za viatu, wauza sufuria, wabeba mizigo, hakuna hata mmoja aliyeambiwa, kwa sababu Mudi aliogopa kwamba wakijua nao wataanza kuigiza. Hivyo ndivyo watu wazima watatu walivyopanga, na mimi mtaalamu nikakubali.

Mjomba alipora mkoba vizuri mno. Nami nilivuta pumzi na kuita, "Mwiziii!" Niliita kwa nguvu zote nilizokuwa nimezikosa katika picha zote nilizowahi kutazama. Sauti ilipita juu ya spika za wauza kaseti, juu ya honi, juu ya soko. Vichwa vikageuka. Wengi wape, walisema wahenga, usipowapa watachukua wenyewe. Mjomba hakufika kwenye kona.

Muuza mikanda ya suruali alimtega mguu. Alipoanguka, mtu alimpiga kwa ubao wa meza mgongoni, mwingine akampiga nao kichwani, na duara likajifunga. Kila mmoja alitaka apate nafasi ya kupiga, hata waliokuwa wakipita tu na mifuko yao ya nyanya. Niliona visigino vikipanda na kushuka. Na hapa ndipo ninapoona haya mpaka leo: nilifurahi. Niliona damu, nikaiona ni nzito na nyeusi kidogo, nikajisemea kwamba sasa Mudi amejua kutengeneza damu. Nilisikia ubao ukigonga mfupa, na mlio ulifika pamoja na pigo. Nilipiga makofi. Kisha jino likaruka likaja kusimama karibu na ndala yangu, likiwa na mzizi wake, na nikamsikia Mjomba akiita jina la mama yangu, jina ambalo halikuwamo katika maneno aliyokariri.

Nikapiga kelele kwamba ni picha. Niling'ata mkono wa mtu, nikasukumwa, nikaangukia ndoo. Juu kwenye roshani Mudi naye akaanza kupiga kelele, "Ni picha, jamani! Ni picha!" Watu wakatazama juu, wakaiona kamera. Wengine wakapunga mikono. Mwanamume mmoja akamshika Mjomba nywele, akamwinua uso ili kamera imwone vizuri, kisha akampiga tofali jichoni. Mwingine akauliza tairi liko wapi.

Aliyemwokoa ni Mama Chausiku, mama lishe wa uchochoroni, mwanamke mnene, mpole, ambaye sikuwahi kumsikia akigomba. Alikuja na sufuria ya maharage yanayochemka, akayamwaga miguuni mwa watu, mbele na nyuma, na wanaume wakaruka wakilia. Akasimama juu ya Mjomba na mwiko mkononi. "Nani kaibiwa? Ajitokeze hapa! Huyu ni Idi, kanywa supu kwangu asubuhi!" Zuhura akajitokeza, akasema ni yeye, lakini ilikuwa picha tu. "Picha?" akauliza yule mwenye tofali. Akalirudisha pale alipolitoa, juu ya mengine, akalinyoosha likae sawa, akaenda zake.

Jicho la kushoto halikupona. Taya lilifungwa kwa waya, na kwa miezi kadhaa Mjomba alikunywa uji kwa mrija. Mudi alikuja kuapa kwamba atauchoma ule mkanda, akalia kama mtoto. Mjomba ndiye aliyekataa. Aliandika kwenye karatasi, kwa kuwa kinywa kilikuwa kimefungwa: Sikupigwa bure, itoe. Ikatoka. Katika banda letu watu walisimama juu ya mabenchi wakashangilia, wakasema sasa wasanii wetu wamejua kupigana. Wengi waliulizana ni nani yule mtoto aliyeita mwizi, maana anajua kuigiza. Nilitoka nje nikatapika kando ya jenereta. Mjomba alikaa mpaka mwisho. Hakuigiza tena, wala majora hakuyabeba tena, na tangu siku hizo anauza kufuli na vitasa kwenye kibaraza chetu.

Leo banda lile ni ghorofa la maduka, na picha ziko mfukoni mwa kila mtu. Bado natazama, bado nina maoni, na bado naamini picha zetu zina feni zenye kelele. Ila sasa vijana wanatazama simuni hata vipigo vya kweli, wanaulizana kama ni kweli au imetengenezwa, kisha wanasogeza mbele. Siwacheki, maana mimi nilisimama palepale na nilipiga makofi.

Mwezi uliopita, karibu na Msimbazi, kijana alininyakulia simu mkononi. Ilikuwa mpya. Alikimbia kati ya meza, mwembamba, kandambili moja imebaki nyuma. Mbeba mizigo mmoja aliniona nimeshika hewa, akasimama, na wenzake wakasimama. "Mama, vipi, umeibiwa?" Kijana alikuwa bado anaonekana. Ningeweza kuita, na koo ninalo lilelile.

"Hapana," nikamwambia. "Hakuna kitu."

Nyumbani nilimsimulia Mjomba Idi peke yake. Alisikiliza hali akisugua kutu kwenye kufuli, amenigeuzia upande wenye jicho. Hakuuliza habari ya simu.

"Alifika mwisho wa mtaa?" akauliza.

"Alifika, Mjomba."

Akaliweka kufuli chini, akalia.