Kata ya Kwanza Ukweni

Kahawa ilipokwisha kuanikwa, dada yangu Agata alinituma ziwani kumposea mwanawe Deo. Baba wa kijana huyo alikufa kwa pombe, hivyo ushenga ukawa wangu mimi mjomba. Nilikubali mbele ya watu, moyoni ninatetemeka. Mimi mwenyewe niliacha pombe Kwaresima ya mwaka juzi, jumuiya nzima ikishuhudia, na nilikuwa nimeambiwa kwamba kwa wakwe wale mshenga hasemi neno kabla ya kunywa kata ya kwanza ya pombe.

Alfajiri, kijijini kwetu Maguu. Agata alitusindikiza hadi kwenye bodaboda. "Kaka, mwanangu hajawahi hata kuionja," akaninong'oneza. "Nilindie." Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Wasiwasi wote nilikuwa nao mimi, tena si wa Deo, wa koo langu.

Mbinga mjini tukapanda basi la Mbamba Bay. Deo, ndani ya suti mpya, alinisimulia habari za Eliza, mwalimu mwenzake tuliyekwenda kumposa, bila kupumzika. Mimi nilishika rozari mfukoni nikitafuta maneno. Niseme ninatumia dawa? Huo ni uongo, na sikuacha dhambi moja ili nibebe nyingine. Barabara ikashuka milima kona baada ya kona, joto likapanda, na kiu nayo. Ziwa lilipotokea kule chini Deo alishangilia. Mimi nilitamani basi liharibike.

Mchana, kwa wakwe, nje kidogo ya mji. Uani dagaa wa usipa walikuwa wameanikwa, na wazee walikuwa wameshaketi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni, watu wa milimani."

Baba yake Eliza akachota pombe ya mahindi, akaionja yeye kwanza kama ilivyo desturi, akaninyooshea kata kwa mikono miwili. Harufu ilinifikia kabla ya kata. Sitaficha: niliitamani.

"Mzee, nisamehe," nikasema. "Mimi niliiacha. Nikinywa hii moja, nyumbani sifiki."

Shangazi yake Eliza akaguna. "Mmekuja kuposa au kutuhubiria?"

"Taratibu, dada," mzee akasema. "Kata ikishachotwa hairudi chunguni. Akishindwa mshenga, mwenzake humnywea."

Mwenzangu alikuwa mmoja tu. Deo akanitazama, akamtazama Eliza aliyesimama mlangoni, akanyoosha mikono. Ningeweza kumzuia. Lakini mimi nilikuwa nimefumba macho, ninamshukuru Mungu kwa kunivusha. Nilipoyafumbua kata ilikuwa tupu, vigelegele vimepigwa, na posa yetu ikasikilizwa na kukubaliwa.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na samaki aina ya mbasa. Kata ya pili ilipopita, hakuna aliyemlazimisha Deo. Aliipokea mwenyewe.

Asubuhi basi likaanza kupanda milima. Nilikuwa nimengoja kwa hamu saa hiyo, nikidhani nitarudi ninaimba. Deo akaniuliza polepole, "Mjomba, wewe ulipoanza, ilikuwa tamu hivi?"

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na kweli, njia nzima sikuuhisi mzigo wa Deo. Nililinda koo langu nikadhani Mungu hakuniomba kingine.

Maguu, Agata alikuwa akitungoja pale pale alipotuaga.

"Kaka, hukunywa?"

"Sikunywa."

Akapiga kigelegele hadi majirani wakatoka. Wote walikuwa wameniombea, nao wakaja kunishika mkono mmoja mmoja, huku Deo akienda kisimani kunywa maji.

Jumuiya inasali kwangu wiki hii. Nitawaomba waniache mimi kidogo, wamwombee Deo. Ila kabla hawajafika, lazima nikamwambie mama yake.