Isale la Mama Huko Oldonyo Sambu

Safari hii sikuitaka. Mama ndiye aliyeitaka, na kwa kuwa magoti yake yamechoka na mimi ndiye mtoto pekee aliyebaki naye Kaloleni, nikafunga duka langu la vitambaa nikamsindikiza. Tulikuwa tumepata habari kwamba kaka yangu Elinami yuko Oldonyo Sambu, ini limeharibika, na hospitali wamemrudisha akafie anakoishi. Ni Elinami huyu aliyempakia mdogo wetu Anna kwenye pikipiki huku amelewa. Anna alifia barabarani, yeye akapona, na hata mazishini hakutokea. Tangu hapo hatukumwona.

Asubuhi, kabla ya kuondoka, mama alizunguka nyuma ya nyumba akakata jani la isale kwenye ua, akalifunga ndani ya khanga. Sikumwuliza. Kwetu Wachaga, mkosaji hushika isale akampelekea aliyemkosea, na likishaletwa mbele yako huruhusiwi kulikataa, hata kama ni damu iliyomwagika. Nilijua mama anambebea Elinami, maana kule nyuma ya mlima Meru angelipata wapi? Atampa, naye atamrudishia mama na kuomba radhi. Mimi nilitaka apige magoti kabisa. Nilitaka nimwone analia.

Kutoka Sakina hadi Ngaramtoni manyunyu yalitufuata, migomba na kahawa huku na huku. Kupita Ngaramtoni nchi ikakauka. Mlima ulikuwa kulia kwetu, umejificha ndani ya wingu, na vumbi likaanza kutuingia puani. Mama alisali chini chini kwa Kichaga. Nilisikia jina la Anna mara nyingi. La Elinami sikulisikia.

Tuliposhuka basi Oldonyo Sambu, madereva wa bodaboda walitukimbilia. "Mama, panda, huko ni mbali." Mama alitikisa kichwa. Tangu Anna afe hajapanda pikipiki, na hapandi hata akiumwa. Tukatembea juani, tukipumzika kila penye kivuli cha mgunga, nami njia nzima nikimlaani kaka yangu kimoyomoyo.

Kabla ya adhuhuri tulifika kwa Mama Naserian, mjane wa Kiarusha aliyempa Elinami kazi ya kuchunga mbuzi na chumba cha kulala. Alimwamkia mama kwa heshima, akatupa chai ya maziwa, akakaa nasi.

"Sitawaficha," alisema. "Hali chakula tena. Mchungaji wetu alikuja kumpa Chakula cha Bwana, akamkatalia. Nikamwambia Elinami, baba, Mungu anakupenda hivyo hivyo ulivyo. Akanijibu, mama, ampende mwingine."

Chumbani mlikuwa na harufu nzito. Tumbo la Elinami lilikuwa limejaa maji na macho yamekuwa ya njano. Alipotuona aligeukia ukuta.

"Shikamoo mama," alisema huko huko ukutani.

Mama hakuitikia. Alikaa kwenye kigoda, akafungua khanga, akatoa isale. Nilingoja amwekee mkononi na kumwambia la kufanya. Badala yake alilishika kwa mikono miwili, kama mkosaji anavyolishika, akamnyooshea.

"Elinami, nimekuletea isale."

Aligeuka taratibu. "Mama, unakosea. Mimi ndiye niliyeua. Mimi ndiye wa kuleta."

"Ungeleta?"

Akavuta blanketi hadi kidevuni.

"Basi nimeleta mimi. Na unajua halikataliwi."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia mama, mbele ya mwenyeji wetu, kwamba anamdharau Anna kaburini. Hakunitazama. Mikono yake ilibaki imenyooshwa, na nikaona wazi kwamba hataishusha. Elinami alilia bila sauti, kisha akatoa mkono chini ya blanketi akalishika lile jani.

"Marahaba," mama akasema.

Alasiri mchungaji aliitwa tena. Elinami alipokea Chakula cha Bwana, akakimeza kwa shida. Alfajiri alikata roho.

Safari ya kurudi tulikodi pikapu, yeye nyuma ndani ya shuka na turubai, sisi mbele na dereva. Sikuweza kujizuia.

"Mama, umemsamehe kweli?"

"Bado," alisema. "Nikikumbuka viatu vya Anna pale barabarani natamani nimpige. Lakini ningengoja hasira iishe, angekufa peke yake."

Maisha yangu yote nimekaa kwenye mabenchi ya kanisa nikisikia kwamba Mungu anatupenda bila masharti, na nilidhani kwake ni rahisi, kwa sababu haumii. Ndani ya pikapu ile nilimtazama mama, midomo imekauka, machozi na vumbi vimeshikana shavuni, nikaelewa kwamba aliyekosewa anaweza kutangulia kuja huku kidonda bado kibichi. Uelewa huo haukunifariji. Uliniogopesha, kwa kuwa mimi bado nilikuwa namchukia maiti.

Karibu na Ngaramtoni mama aliniambia nimpigie baba mdogo kule nyumbani Machame, aanze kuchimba kaburi.

"Achimbe pembeni ya Anna," alisema.

"Pembeni ya Anna, mama?"

"Wote niliwazaa mimi."

Nilipiga simu. Baba mdogo hakuamini, akaniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilimjibu: pembeni ya Anna.