Yeye Ndiye Aliyepiga Picha

Juzi nilikuwa kwenye duka moja la vyakula hapa Molenbeek, mtaa wa Brussels, mkono umezama ndani ya friza, natafuta pakiti ya sombe, ile mboga ambayo wenzetu wa Tanzania huiita kisamvu. Mara redio ya duka ikaanza kutwanga. Sisemi kupiga muziki, nasema kutwanga: tuh, tuh-tuh, kimya kidogo, tuh. Gitaa zikaja juu yake, halafu sauti ya kijana wa Kiingereza anayeimba kama mtu aliyeamshwa kwa lazima. Nikasimama pale, vidole vimekufa ganzi kwa barafu, mpaka mwenye duka akaniuliza, "Madame, ça va?" yaani u mzima? Haikuwa ça va hata kidogo.

Wimbo ule ndio unaofungua albamu ya kwanza ya bendi moja ya kaskazini mwa Uingereza. Jina lao sitalitaja, sitawatangazia bure. Wale mliopenda gitaa miaka ile ya elfu mbili na kitu mnawajua: vijana wanne weupe, jaketi za kubana, wamesimama mbele ya ukuta wa matofali uliolowa mvua. Aliyepiga ngoma ndani ya albamu ile, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho, ni kaka yangu. Mkiitazama picha hamtamwona. Ngojeni niwaeleze.

Tulikuwa tunakaa Forest, mtaa mwingine wa Brussels, ghorofa ya tatu, mimi, mama na Yaya Blaise. Msicheke, kwetu Lubumbashi yaya ni mkubwa wako, si mlezi wa watoto. Papa alikuwa amebaki Lubumbashi na mambo yake, na mambo yake yalikuwa mengi. Mama alisafisha ofisi kwenye yale majengo marefu ya stesheni ya Gare du Nord, na jina lake la kuzaliwa sidhani kama kuna mtu kanisani aliyelijua. Aliitwa Maman Blaise, basi. Ukimsifu Blaise umemsifu yeye, ukimgusa Blaise jiandae.

Jumamosi mama alitwanga sombe. Siku hizo hatukujua hizi pakiti za barafu. Majani yalikuja mabichi, na kinu tulikuwa nacho, kizito, cheusi kwa mafuta ya miaka. Madame wa ghorofa ya chini yetu alichukia kile kinu kuliko dhambi. Mchi ukigonga mara tatu tu, naye anagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Basi mama akakunja taulo nene, akaliweka chini ya kinu, na jingine akalizungusha tumboni mwa kinu, na tangu siku hiyo sauti ikawa haigongi tena; ilikuwa inazama. Tuh, tuh-tuh, anapumzika ageuze majani, tuh. Yaya Blaise alikuwa anakaa kwenye meza ya jikoni na miiko miwili, anaujibu mchi. Mama akiongeza mwendo, naye anaongeza. Harufu ya majani yaliyopondwa, mbichi na kali, ilijaa nyumba nzima, na mimi nilikuwa nacheza katikati yao kama kichaa. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Kanisani kwetu, ukumbi wa kupanga nyuma ya duka la matairi huku Molenbeek, Blaise ndiye aliyekuwa mpiga ngoma. Pasteur, mchungaji wetu, alimwita mkono wa kuume wa madhabahu. Halafu alipotimiza miaka kumi na tisa akaenda Leeds, Uingereza, kwa tonton, mjomba wetu aliyefanya kazi ghalani kule, ili asome. Kusoma alisoma kidogo. Alikutana na vijana waliokuwa na gitaa tatu na hawana mtu wa ngoma, na baada ya miaka miwili akapiga simu: wamerekodi albamu, kampuni imekubali, inatoka. Mama alipiga vigelegele mpaka ufagio wa madame ukaamka.

Sasa, kwetu kitu kizuri hakiingii nyumbani kimyakimya. Ukipata diploma, ukipata karatasi za kukaa, hata ukinunua gari bovu, watu wanakuja kukipokea pamoja nawe: mnaimba, Pasteur anaweka mkono, mnakula. Mama akatangaza kanisani kwamba Jumamosi tunapokea disque, ile albamu ya Blaise, na Blaise mwenyewe atakuwepo. Alitangaza kwa sauti ya mtu aliyesafisha vyoo vya watu miaka mingi akingoja siku hiyo.

Disque ilitangulia kwa posta, siku chache kabla. Nilikuwa na miaka tisa, nipo mezani na mkate wangu wa choco. Mama alifungua bahasha, akaitazama picha ya mbele. Akaigeuza nyuma. Akarudi mbele. Akatoa kile kijitabu cha ndani, akafungua ukurasa mmoja mmoja, taratibu, kama anayetafuta unywele ndani ya chakula. Halafu akafuta jalada kwa ncha ya kitenge, ingawa halikuwa na vumbi, na kuliweka juu ya friji.

"Iko muzuri," akasema.

Akaenda kutwanga. Alitwanga kwa nguvu siku hiyo, na madame akagonga licha ya taulo. Mimi nilidhani ni furaha.

Jumamosi sebule ilijaa hadi kwenye korido. Yaya Blaise aliteremka basi la Uingereza pale Gare du Nord na kufika nyumbani peke yake, begi moja begani, na alipofungua mlango akakuta watu wanaimba. Walimrukia. Maman Régine, rafiki wa mama na mdomo wa kanisa zima, alimning'inia shingoni. Yaya Blaise alikuwa amekonda, nywele kaziacha ndefu, na macho yake yalikuwa yanamtafuta mama juu ya vichwa vya watu.

"Maman, tunaweza kusema kidogo, sisi wawili?"

"Tutasema. Salimia bantu kwanza."

Pasteur akaishika disque kwa mikono miwili, akaiombea, akakemea macho yote ya wivu kutoka Forest hadi Uingereza. Amina. Ikawekwa. Mungu wangu, zile nyuso! Wazee waliosikiliza rumba maisha yao yote walikaa wima kama wamefika kwa daktari. Katikati ya wimbo wa pili papa mmoja alimwinamia mwenzake akanong'ona, "Alors, wataanza kuimba saa ngapi?" Na yule Mwingereza alikuwa anaimba hapo kwa nguvu zake zote. Mimi nilicheka hadi nikabanwa na mkojo. Lakini ngoma zilipoingia, miguu ilianza kugonga zulia yenyewe. Ngoma walizielewa.

Ndipo jalada likaanza kupita mkono kwa mkono. Lilipomfikia Maman Régine alivaa miwani.

"Blaise iko wapi humu?" Akaweka kidole juu ya picha. "Huyu, hapana. Huyu, hapana. Huyu pia hapana. Na huyu... mais non. Blaise, iko wapi?"

Yaya Blaise alisimama karibu na dirisha. Nilimwona akifungua mdomo. Alikuwa anakwenda kusema. Leo nina hakika alikuwa anakwenda kusema.

"We Régine, unauliza nini?" Mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, bakuli la sombe mikononi, anacheka. "Si ye njo alipika foto!"

Kwetu picha hupikwa, haipigwi, maana ni ileile. Yeye ndiye aliyepiga picha. Sebule nzima ikapumua: aaah! Bien sûr! Si lazima mmoja ashike kamera? "Na foto yenyewe muzuri sana," Pasteur akasema, akiinua jalada kwenye mwanga. "Huyu mutoto Mungu alimupa vipaji mbili!" Watu wakapiga makofi. Yaya Blaise akafunga mdomo.

Kisha Pasteur akasoma. Mama alikuwa amenunua stesheni gazeti moja la muziki la Kifaransa, na ndani yake mlikuwa na ukurasa mzima wa sifa. Pasteur alisoma kwa sauti ya mimbari kwamba albamu hii imeshuka kama mvua kwenye jangwa, na kwamba ajabu yake kubwa ni zile ngoma zilizofunikwa, zinazozama badala ya kugonga. Eti ndani yake unazisikia mashine za viwanda vilivyokufa vya kaskazini. Eti ni ngoma za vijana waliokulia mtaa mmoja, chini ya mabati mamoja, mvua moja.

"Lakini ni kinu!" nikapiga kelele. "Ni kinu cha Maman, na taulo!"

Walicheka, weee, walicheka hadi machozi. Maman Régine akanibana mashavu. Mtu mmoja tu hakucheka. Yaya Blaise alinitazama kama nimemwita kwa jina baada ya siku nyingi, halafu akatoka, akaenda jikoni. Nikamfuata hadi mlangoni.

"Maman, walinitoa," alisema. "Tulipomaliza kurekodi, wakanitoa."

"Minajua," mama akajibu, mgongo umemgeukia, anapakua. "Kamata hii sahani, pelekea Pasteur."

Akaikamata. Akaipeleka. Nami nilifikiri wanazungumzia picha.

Jumapili ya pili yake Pasteur alikuwa anambariki mtoto, akamwambia Blaise alete kamera. Kamera hana, akaazima. Mwezi uliofuata harusi, kisha komunyo, kisha msiba. Nani atakataa mpiga picha aliyewapiga Waingereza wa gazetini? Kule Leeds hakurudi. Ngoma za kanisani alisema mkono unauma, wakampa kijana mwingine. Albamu ile ilisifiwa mwaka mzima, matangazo ya bendi yakabandikwa metro, na siku moja wakaja kupiga palepale Forest, ukumbi ambao kutoka kwetu unakwenda kwa miguu. Nilipita kando ya foleni yao nikitoka shule, mkoba mgongoni, wazungu wamejaa barabara nzima wakisubiri kusikia kinu cha mama yangu. Jioni hiyo Yaya Blaise alikuwa Molenbeek, anawapanga mashemeji wa bibi harusi kwa urefu.

Miaka mingi baadaye, nimeshakuwa mtu mzima, ndani ya gari lake tukielekea harusi nyingine, nikamuuliza. Alijibu bila kuondoa macho barabarani. Kampuni ilitaka kuuza hadithi: marafiki wanne, mtaa mmoja, shule moja. Mtoto wa Lubumbashi aliyetoka Brussels aliiharibu. Wakamchukua binamu wa mwimbaji, akasimama mbele ya ukuta. "Mikono yangu walibakisha," alisema. "Sura ndiyo haikuwafaa." Kwenye kile kijitabu jina lake limo, ukurasa wa mwisho, katikati ya watu wanaoshukuriwa, kati ya dereva na mama mmoja aliyewapikia.

Vijana wale niliwachukia, bado nawachukia, nalisema bila aibu. Lakini hasira kubwa kuliko zote nilikuwa nayo kwa mama. Siku ile Blaise alikuwa amefungua mdomo! Sebule imejaa watu wake, watu ambao wangelia naye, wangepiga kelele, pengine tonton angempeleka kwa mwanasheria, pengine angerudi Leeds kuwavunjia gitaa zao, sijui. Mama alimziba mdomo kwa bakuli la sombe. Nilikwenda kumuuliza, mwaka jana, akiwa amekaa kwenye kiti chake cha dirishani, magoti yamemshinda.

"Ulikuwa umeona jalada tangu siku ile ya bahasha. Kwa nini ulisema vile?"

Akavuta kitenge juu ya yale magoti.

"Ulitaka bamuhurumie?" akasema. "Mutoto yangu? Ndani ya nyumba yangu?"

Zile siku zote kati ya bahasha na Jumamosi, alipokuwa akitwanga na madame akigonga, mama alikuwa anatafuta sentensi moja ya kumfunika mwanawe. Aliipata, tena nzuri. Nilipokuwa na miaka tisa niliiona kama jibu tu, tena jibu la kuchekesha. Sikujua kwamba mtu anaweza kukaa ndani ya sentensi moja maisha yake yote, na kwamba aliyemfungia humo ni yule anayempenda kuliko wote.

Ile sombe nililipa, nikarudi nayo nyumbani. Mwanangu, ana miaka minane, alikuwa ametandaza picha zetu zote sakafuni, mwalimu amewaagiza walete picha ya ukoo. Ubatizo wangu wa ukubwani. Harusi yangu. Mama na kofia yake ya Pasaka. Kuzaliwa kwa mwanangu mwenyewe, siku ya kwanza, nimembeba nimevimba uso. Miaka na miaka ya kwetu, zote zimepigwa vizuri, watu wamepangwa kwa urefu, mwanga uko sawa.

Akaweka kidole juu ya picha ya harusi, akatoka sura moja hadi nyingine, kisha akachukua nyingine, na nyingine.

"Maman," akauliza, "tonton Blaise iko wapi?"

Nilifungua mdomo nimwambie. Haki ya Mungu nilitaka kumwambia yote, tangu kinu na taulo.

"Ye njo alipika foto," nikasema.