Mtoto Ambaye Baba Hakumwandika

Baba alifariki nikiwa darasa la nne, na picha yake pekee iliharibika paa la nyumba yetu ya Kasingirima lilipovuja. Kwa hiyo nilipokwenda kuomba pasipoti nikaambiwa nilete kwanza kumbukumbu za uraia wake wa tajnisi, wenzangu walinipa pole, mimi nikafurahi. Jalada la mtu aliyeomba uraia haliwezi kukosa picha.

Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, wakaishi kama wakimbizi miaka mingi kabla baba hajapewa uraia. Mimi, kitinda mimba wao, nilizaliwa hapahapa, muda mfupi kabla hajajaza fomu zake. Sasa nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea ukunga Uganda, na nisipothibitisha kwamba mimi ni mtoto wake, nafasi ingepotea.

Nilifuatilia jalada hilo miezi mitano. Njoo kesho, rudi Jumatatu, mwenye ufunguo yuko safari. Mimi nina hasira za karibu, lakini pale nilijifunza kuamkia watu kwa sauti laini hadi nikajishangaa.

Siku lilipopatikana, mama mmoja wa masijala alilipangusa vumbi kwa kiganja, akalifungua mbele yangu. Baba alikuwa pale, kapicha kadogo kama stempu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nilikuwa nimesahau kwamba sikio lake moja lilichomoza kuliko jingine. Hamu ya kumwona ilinijaa pale pale, mbele ya mgeni, nikalazimika kutazama dirishani.

"Watoto wanne," yule mama alisoma. "Wewe ni yupi hapa?"

Nilisoma majina mara mbili. Kaka zangu watatu, dada yangu, basi. Mimi sikuwemo.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani, nimefura. Mama alikuwa uani akichambua dagaa. Sikumpa hata shikamoo.

"Mama, baba alinikana."

"Kaa chini, mwana wanje," alisema, akiniita mwanawe kwa lugha ya kwao. "Kwetu mtu hawataji watoto wake wote mbele ya watu. Ukiwamaliza kuwataja, kifo nacho kimesikia. Baba yako alimficha mmoja. Alikuficha wewe, kwa sababu degedege lilikuwa halikuachi."

"Ile ilikuwa fomu ya serikali, mama."

"Tulipofika upande huu tuliwaandikisha watoto wetu wawili wa kwanza, kama tulivyoambiwa. Mwezi haukuisha, tukawazika wote wawili."

Nilikuwa sijawahi kusikia kwamba kulikuwa na wengine kabla yetu. Nilitaka kuuliza zaidi, lakini alikuwa amewarudia dagaa wake, amenipa mgongo. Hasira yangu ikaisha, nikabaki na aibu. Nilikuwa nimemshitaki baba kwa kosa la kunipenda.

Njia iliyobaki ilikuwa moja: mama aende kwa wakili, aape, awataje watoto wote aliowazaa. Alikataa. Siku tatu hakuligusa jambo hilo, nami sikumbembeleza. Nilijua ninamwomba nini. Nilianza kujiambia kwamba ukunga si lazima, kwamba hata cherehani yangu inanitosha. Siku ya nne nilimkuta amevaa kitenge chake cha kanisani, ananisubiri mlangoni.

"Mama, umezaa watoto wangapi?" wakili aliuliza, kalamu mkononi.

Mama alinishika kifundo cha mkono. Hakutoa idadi. Alianza na majina mawili nisiyoyajua, ya msichana na mvulana, akayatamka polepole kama mtu anayeamsha watoto. Kisha kaka zangu, kisha dada. Alipofika kwangu alijifunika mdomo kwa upindo wa kitenge. Jina langu alilisemea ndani ya kitenge, na wakili akamwomba alirudie. Akalirudia, safari hii kwa sauti, macho kwangu. Muhuri ukagongwa.

Nilitamani baba angekuwepo, hata kwa siku ile moja, anione nilivyokua na afya yangu. Tulirudi kwa miguu, mimi na mama. Alinishika mkono, mimi mtu mzima mwenye cherehani yangu na wateja wangu, na kila baada ya hatua chache alisimama, akanigusa paji la uso kuona kama nina homa.