Nilivyomnyeshea Bibi Wodini

Bibi yangu huniita mume wake, kwa hiyo figo zilipomgomea akalazwa, nilikwenda kumuuguza kama mume halali. Shule ilikuwa imefungwa; mara hii sikutoroka.

Shingoni alikuwa na mpira wa kusafishia damu, umeingizwa kwenye mshipa mkubwa unaokwenda moyoni, na juu yake plasta. Nesi alitueleza siku ya kwanza: pale hapaguswi, na plasta ikilowa au ikibanduka aitwe saa hiyo hiyo, maana wadudu wakipita hapo wameshaingia kwenye damu, na damu inafika kila mahali.

Bibi alisikia yote, akakubali yote, na ilipofika alasiri akadai maji ya udhu. Nikamkumbusha kuwa mgonjwa anaruhusiwa kutayamamu kwa udongo. Akasema udongo ni wa watu wa jangwani, sisi bahari imetuzunguka pande zote. Nikamwekea beseni mapajani, nikashika birika, na hapo ujinga wangu ukaanza. Badala ya kummiminia kidogo kidogo, nililiinua juu nikatangaza kuwa mvua imeshuka kijijini kwetu Makangale. Bibi akacheka mpaka akatikisika, maji yakampita kidevuni yakateremka shingoni. Ukingo wa plasta ukainuka.

Bibi akatupa jicho mlangoni.

"Kausha kwa kanga, mume wangu, usimwambie mtu," akaninong'oneza. "Wakijua hawataniacha nisali."

Nilishaishika ncha ya kanga. Ndiyo ile aliyojifutia mikono mchana baada ya kula samaki. Nikaitazama, nikautazama mpira, nikaona kama nataka kuuchovya moyo wake kwenye mchuzi. Nikaiachia, nikatoka mbio.

Nilimwambia nesi kuwa bibi yangu kanyeshewa. Hakucheka.

"Kanyeshewa na nini, humu ndani?"

"Na mimi."

Akanawa mikono taratibu, kidole kwa kidole, akavaa barakoa na glavu. Mimi nami akanipa barakoa, akaniamuru nitazame ukutani. Niliishukuru, ilinificha uso. Akaibandua plasta, akasafisha kwa dawa, akaiacha ikauke yenyewe bila kupuliza, akabandika mpya na kuiandika tarehe. Kisha akamwambia Bibi kuwa hakuna wa kumzuia kusali, ila atayamamu, na huyu mjukuu asikabidhiwe tena birika. Bibi akajibu kuwa sasa kaelewa, maana kaambiwa na mtu mwenye akili.

Siku zilizofuata nilimsumbua nesi na kipimajoto chake hadi akawa ananikwepa. Kila akipima, homa hakuna. Figo nazo zikaanza kuamka, na siku moja daktari akasema mpira utolewe. Nesi akauvuta, akabonyeza pale kwa muda mrefu, akachungulia.

"Pasafi," akasema.

Nikakaa sakafuni palepale. Nesi akaniuliza kama na mimi nataka kulazwa. Nikamwambia kitanda kikiwa tupu sikatai.